Mgonjwa Huanza Mbali

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hospitali ya wilaya mkoani Pwani, miaka ya tisini, nikitokea Muhimbili na koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Chuoni tulifundishwa kuchukua historia ya mgonjwa kwa utaratibu: imeanza lini, inauma wapi, inazidi saa ngapi. Wagonjwa wangu hawakuwa na habari na utaratibu huo. Ukimuuliza mzee kikohozi kimeanza lini, anakuanzia kwenye msiba wa shemeji yake Kisarawe, anapitia shamba la mihogo, ndipo afike kifuani.

Kila daktari ana mbinu yake ya kumkatiza mtu wa namna hiyo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta kwamba kwa wastani mgonjwa hukatizwa baada ya sekunde 18. Siku ya Jumatatu, foleni imefika mpaka chini ya mwembe, kwetu sekunde 18 ni anasa.

Msimu mmoja wa masika bibi mmoja aliingia na mjukuu mikononi, macho ya mtoto yamegeuka, viungo vinakakamaa.

"Shikamoo bibi. Mlaze hapa."

"Marahaba mwanangu. Ila sindano usimchome. Mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki jioni."

Wakati ule wengi pwani waliamini degedege ni kazi ya shetani, wengine wakisema ni ndege apitaye usiku juu ya nyumba. Mtoto alifukizwa mavi ya tembo na kuogeshwa mitishamba kwanza. Wenzangu waliuita ujinga. Mimi niliona hofu ya bibi ina ushahidi wake: watoto waliofikishwa hospitali walikuwa wale walioshindikana nyumbani kwa siku kadhaa, wakachomwa sindano, wakafa. Sindano kila mtu aliiona. Siku zilizopotea kabla yake hakuna aliyezihesabu.

Bahati nzuri diazepamu hupitishwa pia njia ya haja kubwa. Nilichukua bomba, nikachomoa sindano yake mbele ya macho ya bibi nikaitupa, nikampa mtoto dawa kwa bomba tupu. Huku mikono ikifanya kazi, bibi akawa anasimulia: mama wa mtoto yuko Dar es Salaam anauza vitumbua, homa ilianza siku ya gulio, klorokwini ilinunuliwa dukani, ikaachwa baada ya siku moja kwa sababu mtoto alijikuna usiku kucha, na tangu jana asubuhi hajatia kitu mdomoni.

Hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote. Malaria kali humaliza sukari mwilini mwa mtoto, na kwinini, tegemeo letu la siku hizo, huishusha zaidi. Degedege lilipotulia nilimwomba bibi ruhusa ya dripu. Akamtazama mjukuu, akasema, "Weka tu, limeshatoka." Tukatanguliza glukozi, kwinini ikafuata.

Mtoto yule alipona. Wengine wengi msimu ule hawakupona, na hakuna masimulizi ambayo yangewaokoa. Walihitaji damu, na akiba yetu ilikuwa friji moja yenye umeme wa kubahatisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa wagonjwa wa UKIMWI pia, kabla serikali haijaanza kutoa ARV bure mwaka 2004. Tuliwasikiliza kwa kuwa hatukuwa na kingine cha kuwapa. Nawashangaa wanaosema sikio ni dawa. Dawa ni dawa. Sikio hukuonyesha ipi utoe.

Baadaye niliugua mwenyewe, kifua kikuu. Anton Chekhov, daktari wa Urusi aliyeandika hadithi, alikufa nacho mwaka 1904. Mimi nilikipata wakati dawa ya rifampisini ipo, na katika nchi ambayo mpango wake wa taifa wa kifua kikuu, ulioanza 1977 kwa ushiriki wa daktari Karel Styblo, uliigwa na dunia. Nilimeza vidonge kwa miezi sita, nikikojoa mkojo wa rangi ya chungwa. Nesi wa kliniki aliponiuliza kikohozi kimeanza lini, nikajikuta naanzia kwenye mtihani wa kidato cha nne wa mwanangu na mkopo wa mabati. Nesi akaweka kalamu chini, akanisubiri.

Sasa nimestaafu, na watu bado hunifuata nyumbani kuuliza. Nawaambia hivi, nawe msomaji nakuomba: ukienda hospitali beba pakiti za dawa ulizokunywa, hata zilizobaki nusu. Mitishamba itaje. Daktari akikukatiza, mwache amalize, kisha endelea pale ulipoachia.