Aprili 1969, Sarang'ombe

Jarida lilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki wa tangu kabla ya marufuku ya 2017. Katika mzigo wangu wote mfuko huo ndio pekee uliokuwa haramu, lakini kwa karatasi kuukuu sijaona hifadhi bora. Ni Wireless World, toleo la Aprili 1969. Marehemu baba, fundi wa redio wa Majengo, Mombasa, aliyapata majarida hayo kwa mabaharia waliotia nanga Kilindini, yamechelewa miezi kadhaa na yananuka dizeli.

Ndani yake mna mchoro wa amplifaya wa Mwingereza J. L. Linsley Hood: transista nne kila upande, wati kumi, basi. Baba hakuwahi kuijenga. Pambizoni, penye hesabu ya umeme unaoliwa, aliandika kwa penseli: “Kwa nini joto lote hili?” Jibu angelipata kwa kumwandikia mhariri kule London, barua ivuke bahari, kisha angoje, na akijaliwa akute swali lake limechapishwa katika toleo ambalo nalo lingefika Mombasa likiwa limechelewa. Hakuandika.

Mwaka jana niliupiga picha ukurasa ule nikautuma kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa spika na amplifaya. Haikupita robo saa ikaja sauti ya kijana wa Sarang'ombe, Kibera, Nairobi: “Mzee, hiyo joto ndiyo sauti yenyewe. Niko nayo hapa. Kuja uskie.”

Nikaenda. Treni ilitutoa Miritini asubuhi, mchana tukawa Syokimau. Nikaunganisha treni ndogo hadi stesheni ya mjini, kisha matatu ya namba 8. Nairobi nilikuwa nimefika mara nyingi. Kibera niliijua kwa televisheni, yaani sikuijua.

Kijana alinipokea steji ya Olympic. Ramani huandika Sarang'ombe, lakini wenyewe hutaja vijiji: Kianda, Gatwekera, Soweto Magharibi, Raila. Tukateremka kwa miguu, yeye mbele, mimi nikikanyaga pale alipokanyaga. Mtu wa sauti huenda mahali kwa masikio. Kila mlango wa biashara una wufa yake: kinyozi na yake, duka la simu na yake, ukumbi wa video umeielekeza nje ili mpita njia asikie risasi za filamu akashawishika kuingia. Kanisa la mabati lilikuwa na spika ya tarumbeta juu ya nguzo, kwaya ikifanya mazoezi. Ukisimama kati ya kinyozi na kanisa unasikia besi ya mmoja na sauti za juu za mwingine, na kwa hatua tatu hivi ule mchanganyiko unakubaliana. Nilisimama. Kijana akageuka: “Umechoka, mzee?” Nikamwambia nasikiliza. Akacheka, akangoja.

Karakana yake ni chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, paa la mabati. Majarida ya baba yalipenda kushauri namna ya kupanga spika sebuleni, na sebule yao ilikuwa na zulia, mapazia mazito na meko ya ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kuhurumia. Lakini kuta zile zilikuwa zimetandikwa shuka kutoka juu hadi chini, kama desturi ya nyumba nyingi za huko, na kitandani mna godoro nene. Mwangwi hauna pa kugonga. Kasoro ni paa tu. Besi ikizidi, mabati yanatetema, na jirani anajua umeamka.

Alinionyesha kwanza kopo la transista za 3055, zile za chuma zenye umbo la kobe, ambazo kila fundi wa redio Afrika Mashariki amewahi kuzichomea vidole. Zilikuwa zimekatwa vifuniko kwa msumeno. Ndani ya ile halali kipande cha silikoni kimekaa kwa nafasi. Ndani ya ile bandia ni kama punje ya mtama. “Hii ndogo ukiiekelea mzigo inakufa na kelele,” alisema. Hilo alifundishwa na kundi, kwa picha, baada ya kuunguza sita. Jarida la baba halikuwa na ukurasa kama huo. Lilichukulia kwamba ukinunua 3055 umepata 3055.

Kisha akaiwasha. Transfoma ameitoa kwenye UPS iliyokufa, mabati ya kupozea joto kwenye amplifaya za magari. Tukakaa dakika kumi bila muziki, huku mabati yakipata moto. Hapo ndipo nilipolielewa swali la baba kwa kiganja. Katika mchoro ule umeme hupita kwenye transista za mwisho wakati wote, muziki uwepo usiwepo: volti 27, ampea 1.2, wati thelathini na mbili kila upande, ili upate kumi za kusikiliza. Amplifaya nyingine huzipokeza kazi transista mbili, na pale zinapopokezana huweza kubaki kovu dogo katika sauti. Hii haipokezani. Hulipia ulaini kwa joto. Juu ya bati la kushoto kijana aliweka kikombe chake cha chai, na kwa mazoea niliyoyaona, hapo ndipo mahali pake.

“Na landlord?” nikamuuliza, nikiwaza umeme wote huo. “Hii ni ya Jumapili pekee, mzee.”

Hakuweka rumba wala benga. Alifungua redio ya mtaa, Pamoja FM, 99.9, na mtangazaji akawa chumbani pamoja nasi, kiasi kwamba nilisikia akimeza mate kabla ya kusoma tangazo. Sina la kuongeza juu ya hapo, ila kwamba nilimkumbuka baba kwa hasira kidogo.

Nikamtolea jarida. Alilinusa kwanza. Akafungua matangazo, akaona bei: “Shilingi? Kwani hii ni ya hapa?” Nikamweleza kwamba Waingereza nao walitumia shilingi mpaka 1971. Akasikitika kama mtu aliyekaribia kupata dili.

Kisha akatoa lake. Ni daftari gumu la kurasa nyingi, kingo zimeungua kwa chuma cha kuchomelea. Simu amenyang'anywa mara mbili, na kundi, alisema, halina kumbukumbu: swali linajibiwa Jumatatu, Alhamisi linaulizwa upya, na katikati yake watu wamegombania nyaya za bei mbaya siku mbili mfululizo. Sahihisho la jarida hungoja toleo lijalo, lakini huchapishwa. Kwenye kundi mkosaji hufuta ujumbe wake, na kosa likakosa hata kaburi. Kwa hiyo kila jibu analoliamini hulinakili kwa kalamu, huchora, hutia tarehe. Katikati ya daftari nikaukuta ukurasa wa baba, umechorwa upya, rezista zimebadilishwa kulingana na zinazopatikana mjini. Pembeni, kwa wino wa buluu, alikuwa ameandika: “Kwa nini joto lote hili?” Alidhani ni sehemu ya mchoro. Chini yake, mistari kumi na moja ya jibu.

Nilimwachia jarida. Mfuko nikabaki nao.

Jioni, ndani ya matatu ya kurudi mjini, simu ikatetema. Mtu wa Eldoret alikuwa amelipia kijisanduku cha vipuri mtandaoni, mchoro uleule wa 1969, na sasa analalamika: transista zinachemka hata bila wimbo, je, ameuziwa mbovu? Watatu walikuwa wamekwisha kumjibu, kila mmoja lake. Wa nne akatuma picha ya ukurasa wa daftari, kona imeungua, duara la kikombe cha chai juu ya wino wa buluu.