Ljubljana, mji uliomzaa paka anayeiga sauti ya mwanao

Mgeni akifika Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, haichukui muda kabla hajaonyeshwa majoka. Yapo kwenye Daraja la Majoka, lililofunguliwa mwaka 1901: manne makubwa ya kijani, moja kila pembe, mabawa yamechanuliwa na vinywa viko wazi kana kwamba yana neno. Lakini hayasemi kitu.

Mnyama wa mji huu anayesema ni mwingine. Ni paka wa kijivu, makazi yake ni ndani ya simu, na huenda hivi sasa yumo kwenye simu unayosomea makala haya, kwa sababu mtoto wako alimpakua bila kukuuliza.

Jina lake ni Tom. Kampuni iliyomtengeneza, Outfit7, ilianzishwa Ljubljana mwaka 2009 na Samo na Iza Login, mume na mke, pamoja na wenzao wachache. Mwaka uliofuata wakatoa programu ya Talking Tom Cat. Kazi yake kubwa ni moja, tena ya kipuuzi kwelikweli: unasema neno, paka anaweka mkono sikioni, kisha anarudia ulichosema kwa sauti nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua.

Ukimpapasa, ananguruma kwa raha. Ukimgonga usoni, anayumba hadi chini. Ukimpa glasi ya maziwa, anaimaliza yote. Katika toleo la pili akaongezewa mbwa jirani, Ben, ambaye hujamba, na Tom huziba pua. Hakuna hesabu humo wala herufi za kusoma. Hata hivyo, Januari 2017 kampuni hiyo ilitangazwa kuuzwa kwa wawekezaji kutoka China kwa dola bilioni 1 za Marekani. Watu wamesoma uhandisi miaka mingi na hawajapata hata robo ya fedha za mbwa huyo.

Ukitembea katikati ya Ljubljana, jambo moja linamgusa haraka mtu aliyezoea miji yetu: utulivu. Mto Ljubljanica unapita taratibu katikati ya mji, juu yake kuna Madaraja Matatu yaliyosanifiwa na Jože Plečnik, na kwenye kilima kuna ngome ya kale inayofikiwa kwa miguu au kwa gari la reli linalovutwa kwa kamba. Magari ya kawaida yameondolewa katikati ya mji, na mitaa imeachiwa waenda kwa miguu na baiskeli. Mzee au mtu mwenye mzigo hubebwa bure na vigari vidogo vya umeme viitwavyo Kavalir. Sokoni, karibu na majoka, muuzaji wa mboga anaweza kuongea na mteja bila kupaza sauti.

Huko Tom yuko nyumbani, maana paka huyu anahitaji kimya. Anarekodi sauti yako, anasubiri unyamaze, ndipo anairudisha ikiwa imepandishwa. Usiponyamaza, naye anaendelea kutega sikio.

Sasa mlete Kariakoo. Spika ya dawa ya mende inaimba upande huu, ya mitumba upande ule, bodaboda zinapiga honi, na Tom amesimama mkono sikioni akisubiri zamu yake. Ndani ya daladala ni hivyohivyo: mtoto anasema “Tom, mambo?”, na anachorudishiwa ni sauti ya konda, nyembamba kama ya kifaranga, ikiita “Gongo la Mboto, Gongo la Mboto!” Abiria wakisikia, hata yule aliyesimama kwa mguu mmoja atacheka.

Kicheko hicho si cha kubezwa. Mtoto anafurahi kwa kuwa ametenda jambo na dunia ikamwitikia papo hapo. Anafurahi pia kusikia sauti yake ikirudi imegeuka kituko. Watoto walifanya hivyo zamani kwa kupiga kelele ndani ya mtungi au kisimani. Simu imeongeza tu masharubu.

Tatizo linaanza pale paka anapogeuzwa yaya. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Kwa Tom ni kinyume: yeye akiingia, mzazi ndiye anayeondoka. Mtoto mdogo akimwambia Tom “maji”, Tom atasema “maji”, basi. Akimwambia mama, atajibiwa: “Unataka maji ya kunywa? Ya baridi? Haya, lete kikombe chako.” Kwa neno moja alilotoa, mtoto amepata mengine mengi, na amejifunza kwamba maneno huleta kitu. Hivyo ndivyo lugha inavyojengeka kichwani.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, pungufu ikiwa bora zaidi. Kuhusu masikio, shirika hilo linapendekeza sauti ya kifaa isivuke asilimia 60 ya uwezo wake. Sauti kali ya Tom kwenye simu iliyobanwa sikioni mwa mtoto si mzaha tena, maana usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi kama paka anavyorudisha neno.

Basi Tom afukuzwe? Hapana. Achezwe kwa pamoja, sebuleni, dakika chache, televisheni ikiwa imezimwa ili asikie. Bibi aseme neno, babu apige chafya, mtoto aimbe, wote wasubiri kimya jibu la paka. Kusubiri mwenzako amalize ndipo useme ni adabu ambayo hata watu wazima tumeipungukia. Zima data kabla ya kuanza, kwani toleo la bure huja na matangazo na vitu vya kununua, na kidole cha mtoto hakijui bei.

Simu ikiisha chaji, si msiba. Ziba pua, rudia maneno ya mwanao kwa sauti ya Tom, halafu muulize swali ambalo Tom hawezi kuuliza. Atacheka vilevile, atakujibu, na hakuna bando litakalokatwa.