Chandarua Kipo, Malaria Ipo: Kosa Si la Mama

Mtoto akipata homa, swali la kwanza humwangukia mama: "Kwani halali kwenye chandarua?" Akijibu kwamba analala, wapo wanaoguna. Baba anaguna, bibi anaguna, hata jirani. Mama anaonekana mzembe, au mwongo. Lakini Bujora, Kisesa na vijiji vingine vya kanda ya Ziwa Victoria, mara nyingi mama huyo anasema kweli. Aliyebadilika ni mbu.

Mkulima wa pamba ataelewa haraka. Dawa moja ikipulizwa shambani miaka nenda miaka rudi, wadudu wachache wanaoihimili hubaki na kuzaliana, na watoto wao hurithi uwezo huo. Ndivyo ilivyo kwa mbu wa malaria. Kwa miaka mingi vyandarua vilitiwa dawa za jamii moja tu, pairethroidi, ambazo hupulizwa mashambani pia. Mbu waliorithi vinasaba vya kuzalisha kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja sumu hiyo walipona, wakataga mayai.

Tena mbu hao si wa aina moja. Gambiae hutaga kwenye vidimbwi vya mvua, hata kwenye nyayo za ng'ombe. Funestus hupenda maji ya kudumu yenye majani, ndiyo maana malaria haiishi hata kiangazi. Arabiensis huhimili ukame, hunyonya ng'ombe na binadamu, na huweza kuuma nje watu wakiwa bado hawajalala.

Je, chandarua kitupwe? Hapana. Wilayani Misungwi, mkoani humo humo Mwanza, watafiti wa NIMR na wenzao walilinganisha vyandarua vya aina tofauti na kutoa matokeo mwaka 2022. Baada ya miaka 2, katika maeneo yaliyopewa vyandarua vya pairethroidi pekee, watoto karibu 46 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na malaria. Palipogawiwa vyandarua vilivyoongezewa klofenapiri, walikuwa karibu 26. Dawa hii humzidi mbu ujanja: vimeng'enya vile vile vinavyomwokoa na sumu ya zamani ndivyo vinavyoigeuza klofenapiri kuwa sumu kali mwilini mwake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake.

Kwa hiyo mzazi aulize kliniki ni chandarua cha aina gani kinachotolewa. Cha zamani nacho ni ukuta: kishonwe matundu, kifuliwe taratibu, kianikwe kivulini, kisizungushiwe bustani wala vifaranga. Jioni, watoto wavishwe nguo ndefu.

Na mtoto akichemka, asihukumiwe mtu. Apelekwe zahanati ndani ya saa 24, apimwe kabla ya kupewa dawa. Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto, amalize dozi yote ya siku 3, hata kama siku ya pili ameshaanza kucheza.