Bei ya Kuufikia Mlima

Kwa majuma matatu sasa, wenzangu watatu nami tumekuwa tukipanga safari ya siku mbili ya kwenda kuteleza kwenye theluji katika milima ya Colorado, nchini Marekani, ninakofundisha kwa mwaka huu mmoja wa masomo. Mmoja ni dada mwanauchumi kutoka Kenya, wa pili ni mtaalamu wa udongo kutoka India, na wa tatu ni kijana wa Kikongo anayesomea shahada ya uzamili. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufunga skii miguuni. Dada Mkenya hudai kwamba taifa lake lina historia katika mchezo huu, na hakosei: Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Naandika kuhusu safari hii kwa sababu ya karatasi ya bajeti. Nimefundisha sera za ardhi ya umma kwa miaka mingi, lakini sijapata kuona mada hiyo ikijieleza waziwazi kama ilivyojieleza katika safu zile nne tulizochora: kiingilio, maegesho, malazi, chakula.

Tuanze na kiingilio. Mlima wa Vail ulipofunguliwa kwa watelezaji mwezi Desemba 1962, tiketi ya siku moja iliuzwa dola 5. Leo, katika siku za kilele cha msimu, tiketi hiyo hiyo ikinunuliwa dirishani imevuka dola 300. Kampuni inayomiliki kituo hicho ilitangaza mwaka 2022 kwamba mshahara wa chini kwa wafanyakazi wake ungekuwa dola 20 kwa saa. Gawanya mwenyewe, ndugu msomaji: mtu anayekaa na jembe la theluji chini ya lifti angehitaji zaidi ya saa 15 za jasho, kabla ya kodi, ili apande lifti anayoihudumia. (Haki itendeke: wafanyakazi hupewa pasi bure. Ni jirani yao anayesafisha vyumba katika hoteli ya mtu mwingine ambaye hesabu hii inamhusu.)

Lakini bei ya dirishani si bei halisi. Ni bei ya adhabu. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilianzisha pasi ya msimu mzima, Epic Pass, kwa dola 579. Sasa imepita dola 1,000, na bado kwa mtu ateleleza siku kumi ni nafuu kubwa mno. Sharti ni kulipa mapema, kwani mauzo hufungwa Desemba, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Anayeweza kutoa dola elfu mwezi wa tisa kwa ajili ya starehe ya mwezi wa pili, na mwenye hakika kwamba likizo yake haitafutwa, hulipa kidogo kwa siku. Asiye na hakika hulipa dirishani. Msomaji wa Manzese au Kibera haitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba mafuta ya kula ya kupimiwa kwa kibaba ni ghali kuliko ya dumu, na kwamba mwenye kununua kwa kibaba hakukosa akili ya hesabu, alikosa fedha ya dumu.

Safu ya pili, maegesho, nilidhani ingetuchukua dakika tano. Ilituchukua jioni nzima. Mwaka 2021 bei ya pasi ilipunguzwa kwa asilimia 20, na kwa msimu uliofuata zikauzwa zaidi ya milioni 2.1. Watu wakaongezeka, mabonde hayakupanuka. Hata kabla ya hapo, kituo cha Arapahoe Basin kilikuwa kimejitoa katika pasi hiyo mwaka 2019 kwa sababu ya kufurika kwa magari. Siku hizi vituo kadhaa vinadai uweke nafasi ya kuegesha gari siku kadhaa kabla, kwa malipo, na vingine husamehe ada gari likiwa na abiria wanne. Utaratibu huo wa mwisho nauunga mkono bila kigugumizi. Ni mara chache kuona sera inayomtoza mtu kwa nafasi anayoipoteza, na ningependa kuiona ikijaribiwa katikati ya Dar es Salaam.

Tulipofika kwenye malazi, mtaalamu wa udongo alipendekeza tupige kambi. Wazo si la kipuuzi. Katika misitu ya taifa ya Marekani, mtu kwa kawaida anaruhusiwa kupiga hema nje ya maeneo rasmi, bila malipo, hadi siku 14. Tatizo ni kwamba wakati wa baridi njia nyingi za msituni hufukiwa na theluji, na maegesho mengi ya vituo hukataza kulala ndani ya gari. Tukawa tunabishana juu ya mifuko ya kulalia, hadi yule kijana, aliyekuwa kimya, akasema:

“Mwalimu, mimi naweza kuwaonyesha mahali pa kuegesha. Huwa nalala huko.”

Ndipo tulipojua. Mwisho wa juma huosha vyombo katika mgahawa wa mji mmoja wa milimani, na kwa kuwa kodi ya chumba huko ingemeza ujira wote, hulala ndani ya gari lake dogo, injini ikiwa imezimwa, mablanketi matatu. Hayuko peke yake. Katika wilaya ya Summit, yenye vituo mashuhuri kama Breckenridge na Keystone, umewahi kuwekwa mpango maalumu wa kuwapa wafanyakazi mahali halali pa kuegesha na kulala ndani ya magari yao. Ni watu wenye ajira, wanaolipa kodi.

Dada Mkenya akamuuliza kama haogopi baridi. Akacheka. Yeye alikulia Nyarugusu, kule Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. “Dada, mimi nimepiga kambi miaka kumi na minne,” akasema. “Hiyo ya kulipia sijaizoea.” Lugha yetu haitofautishi kambi ya mtalii na kambi ya mkimbizi, na jioni ile hakuna aliyejua acheke au anyamaze.

Sasa, mlima huu ni wa nani? Vituo 122 vya skii nchini Marekani vinaendesha shughuli zao juu ya ardhi ya misitu ya taifa, yaani ardhi ya wananchi wote. Sheria ya mwaka 1986 inaruhusu kibali cha hadi miaka 40, na ada anayolipa mwendeshaji kwa serikali hupanda kwa ngazi kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 4 ya mapato yanayohesabiwa. Mwananchi anabaki mmiliki, lakini anapouendea mlima wake anakutana na dirisha la tiketi. Vail uko ndani ya msitu wa White River. Na Waute walioitwa kwa jina la mto huo huo, wenyeji wa milima hii, waliondolewa na kuhamishiwa Utah mwaka 1881. Kwa hiyo hata neno “wananchi wote” lina mpaka wake.

Wanaharakati wenzangu watasema: basi umma umiliki vituo vyenyewe. Upo mfano, nao unatatiza. Kituo cha Winter Park kinamilikiwa na jiji la Denver. Tangu mwaka 2002 uendeshaji wake umekodishwa kwa kampuni binafsi, na jiji hupata angalau dola milioni 2 kila mwaka. Fedha hizo ni za kweli na zina kazi. Lakini tiketi ya dirishani ya mlima wa jiji haijawa ya mwananchi wa kawaida wa jiji. Hatimiliki haikusema lolote juu ya bei; mkataba ndio uliosema.

Mwaka 2019 serikali yetu ilipotangaza kwamba inafikiria kujenga magari ya nyaya Kilimanjaro, mjadala ulizama katika swali la kama nyaya zitaharibu mandhari, na la ajira za waongozaji na wapagazi. Hilo la ajira lilikuwa swali zito na wapagazi walikuwa na haki ya kulipigia kelele. Ila sikumbuki kusikia wengi wakidai kuuona mkataba: muda wa kibali, asilimia ya mapato, nani atapanga kiingilio, na je, tofauti tuliyonayo leo, ya mgeni kulipa dola 70 za uhifadhi kwa siku huku raia akilipa kiasi kidogo kwa shilingi, itadumu pale juu mwekezaji atakapokuwa ameweka dirisha lake? Mtumishi wa wizara anayesoma hapa anajua rasimu za namna hiyo huandikwa na akina nani.

Safari yetu imebadilika. Tumeacha Vail na kuchagua Loveland, kituo cha tangu miaka ya 1930 kilicho juu ya handaki la Eisenhower, ambacho hakimo mikononi mwa makampuni yale makubwa na hakitozi maegesho. Hata hivyo hatutaendesha gari. Tutapanda basi la Idara ya Uchukuzi ya jimbo, kwenda na kurudi siku moja, na suala la kulala limekwisha. Viti vinne vimelipiwa. Kijana ameomba zamu yake ya Jumamosi ibadilishwe. Msimamizi wake hajamjibu bado.