Misegese ya mahameni

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kigonsera, kijiji chetu mkoani Ruvuma, ilikuwa na vitu vichache dukani na vingi porini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi haina fedha za kigeni. Duka la kijiji lilifunguliwa siku lori lilipofika kutoka Songea, na foleni ya sabuni ya mche ilianza kupangwa kabla ya lori lenyewe kuonekana. Mwaka 1983 redio ilitangaza msako wa wahujumu uchumi. Tulisikia habari za magunia ya sukari yaliyofichuliwa mijini, nasi huku tulikuwa tukinywa uji usio na sukari kwa miezi.

Wageni wakitajiwa Kigonsera huikumbuka misheni ya Wabenediktini, iliyoanzishwa mwaka 1899, na seminari ambako rais wa zamani Benjamin Mkapa alisoma kabla ya kwenda shule ya Pugu. Mimi nakumbuka upande wa pili, ng'ambo ya kijito, alikokaa bibi yangu mzaa mama. Huko ndiko ulikokuwa mti ambao hakuna aliyeupanda wala aliyeulinda, na ambao katika miaka ile ulituvusha mengi: msegese.

Si mti wa kupendeza macho. Ni mfupi, umepinda, gome lake limechanika nyufa. Hauna mbao kama mninga wala hauna tunda la kugombaniwa na watoto kama masuku. Lakini jani lake ukiliona mara moja hutalisahau, limegawanyika mbele mithili ya kwato ya ng'ombe. Ni wa jamii ya kunde, ndugu wa maharage tuliyolima na wa ukwaju unaoota kwenye joto la nyanda za chini. Maganda yake ni mapana na magumu, rangi ya kahawia, na hayapasuki yenyewe. Huning'inia mtini hata majani yaishe, mpaka yadondoke na kuliwa na wanyama. Wataalamu wa mimea huuita Piliostigma thonningii, kwa heshima ya Mdenmaki Peter Thonning aliyekusanya mimea kati ya mwaka 1799 na 1803 katika pwani ambayo leo ni Ghana. Umeenea hivyo: kutoka Afrika Magharibi mpaka kwenye miombo yetu ya Ruvuma.

Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa uji. Mvua za kwanza zikinyesha, machipukizi yakitoka mekundumekundu na laini, bibi alitutuma tukachume. "Yale yaliyokomaa muwaachie mbuzi," alituagiza. Tuliyatwanga kinuni, tukayaloweka kwenye maji, tukachuja, na maji yale machachu ndiyo yaliyochanganywa na unga wa mahindi. Ule uchachu unatokana na asidi ya tartariki, ileile inayouchachusha ukwaju. Nimekunywa uji wa ndimu na uji wa maziwa mahali pengi tangu hapo, na bado nasema wa msegese una kitu cha zaidi: unachacha taratibu, unakata kiu, na unabaki mdomoni. Njiani kwenda shamba la mbali tulitafuna majani mabichi ili tusisumbuliwe na kiu.

Sabuni ndiyo iliyokuwa kazi kubwa. Wakati wa kiangazi tulikusanya maganda makavu kwa vikapu, bibi akayachoma mahali pasafi mpaka yakawa majivu meupe. Majivu yalitiwa kwenye chungu kilichotobolewa kitako, akamimina maji juu yake, na chini tukakinga maji ya rangi ya chai yaliyoteleza vidoleni. Hayo aliyachemsha na mafuta ya nguruwe, akikoroga kwa mwiko wa zamani usiotumika tena kwa chakula, akitukemea tusisogee kwa sababu maji yale yanababua. Kilichotoka kilikuwa cheusi, laini, na harufu yake haikuwa nzuri. Lakini kilitoa povu. Sare zetu za shule zilifuliwa kwa sabuni hiyo, na akina mama wa jirani walikuja na mahindi kubadilishana naye. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote: alikuwa mjane asiye na mshahara, na kijiji kikamhitaji.

Kuhusu dawa nitasema nilichokiona. Mtoto akiwa na kikohozi alipewa jani changa atafune na punje ya chumvi. Mwenye kuharisha alipewa maji ya gome lililochemshwa; gome hilo lina tanini nyingi, na ndizo zinazokaza tumbo. Bibi alibandua gome upande mmoja tu wa shina, kipande cha kiganja, na hakurudia mti uleule msimu huohuo. Nyuzi za gome la ndani, zile za matawi aliyokuwa ameyakata, tulizisokota kamba za kufungia kuni. Hakuwa mganga, na hakudai kuwa mganga. Mtoto aliyehema harakaharaka, mbavu zikiingia ndani, hakupewa jani: alibebwa mgongoni siku hiyohiyo hadi kwenye zahanati, na ikishindikana, hospitali ya Peramiho.

Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwa nini misegese ilikuwa mingi kiasi kile. Kati ya mwaka 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika wakapelekwa kwenye vijiji vya pamoja. Nyuma walibakiza mahame: viwanja, makaburi, mashamba yasiyo na mwenyewe. Msegese hupenda hasa ardhi ya namna hiyo, iliyolimwa ikaachwa. Mbegu zake ngumu husambazwa na wanyama wanaokula maganda. Moto wa kiangazi ukipita, kisiki huchipua upya. Katika miaka michache tu mahame yakafunikwa, na shida ilipoingia madukani mti ulikuwa tayari umekomaa.

Leo misegese inapotea, na kupotea kwake nako kuna sababu. Watu walirudi kwenye mashamba ya babu zao. Mahindi yakawa biashara, mbolea ya dukani ikaziba pengo la mapumziko, na shamba halilali tena. Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga ilipokamilika mwaka 2013, viwanja vya kando yake vikapata bei. Moto haukuuweza msegese, lakini jembe linalong'oa kisiki na mizizi, mwaka baada ya mwaka, linauweza. Sabuni imejaa kila duka sasa, na nafurahi kwamba hakuna mtoto anayenuka majivu darasani. Lakini uji ule hakuna duka linalouuza.

Nimemwomba kaka yangu auache bila kulima ukanda wa shamba letu unaoshuka bondeni, ambako bado kuna misegese michache. Ananiambia ukanda huo unatoa magunia ya mahindi na kwamba ada za shule hazilipwi kwa majani. Ni kweli, na watoto ni wake. Tumekubaliana nimlipe thamani ya mahindi hayo kila mwaka, naye awafungie mbuzi mpaka miche ipite urefu wao. Mwaka huu mabinti zake wamechuma machipukizi huko, na mama yao ndiye aliyewaonyesha namna ya kuchuja.