Uzi wa Sukari

Kwa miaka mingi nimepamba keki kwa siagi na sukari, na kila aishiye Tanga anajua yatokeayo ifikapo Februari. Waridi ulilolisimamisha asubuhi, saa saba mchana limelala ubavu kama mgonjwa. Kosa si la siagi. Joto likipita nyuzi 30 siagi hulainika, na jiko langu lenye dirisha moja na paa la bati hupita hapo mapema. Basi mdogo wangu aliponiomba nimpikie binti yake keki ya arusi, niliazimia kujifunza aisingi ya ute wa yai, ile Waingereza waiitayo ya kifalme. Hiyo ikikauka huwa ngumu kama chaki, wala joto la jikoni haliiyeyushi.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Ni ute wa mayai mawili, gramu 450 za sukari ya unga, na kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Bakuli hupanguswa kwanza kwa ndimu, kwani tone la mafuta au la kiini cha yai likiingia, ute hauumuki. Kisha hufunikwa kwa kitambaa kibichi, maana aisingi hii hukauka huku unaitazama. Hayo yote niliyaweza siku ya kwanza. Lililonishinda ni nyuzi: ile mistari myembamba inayoning'inia ubavuni mwa keki kutoka nukta moja hadi nyingine, kama kamba za bembea.

Nilifunika sufuria kifudifudi nikaifanya keki ya kujifunzia. Jioni ya kwanza nyuzi zote zilikatika. Jioni ya pili zilinata pale pale kwenye sufuria, nene kama minyoo. Nilibadilisha karatasi ya koni, nikaongeza sukari, nikaongeza ute, nikalaumu mayai. Mchagua jembe si mkulima.

Jioni ya tatu alibisha hodi shangazi yangu, dada yake marehemu baba, akitoka kwake Ngamiani. Nilimwamkia, nikamwekea kiti karibu na dirisha, nikaendelea na vita vyangu. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, unakandamiza. Ungekuwa mkono wa bibi arusi, angekwisha lia."

Ndugu msomaji, hapa sina budi kukueleza habari ambayo sikupenda kuikumbuka. Shangazi alikuwa mchoraji wa hina. Alitumia kijiti cha chelewa tu. Alichovya, akainua, na ile hina nzito ikamfuata kama uzi, akaulaza juu ya ngozi bila kijiti kuigusa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne aliniita nikae kando yake nijifunze. Nilimjibu kwamba mimi nasoma, na kwamba kukaa mkekani kushika miguu ya watu si kazi. Hakunikemea wala hakuniita tena. Wala hakumpata mwingine. Binti zake walikwisha olewa mbali. Leo mikono yake inatetemeka, na wenye arusi hawamwiti.

"Gusa pale unapoanzia," akaniambia, "kisha nyanyua mkono, uondoke kabisa. Bana taratibu uzi utoke. Usiuburute, uache ushuke wenyewe. Ukifika mwisho, ndipo uguse tena."

Nikagusa, nikanyanyua. Uzi ukatoka, ukaning'inia hewani, nami nikaogopa nikaurudisha mkono. Ukakatika. "Umeogopa," akasema. Nikarudia. Mara ya tano au ya sita uzi ulijipinda wenyewe chini, duara safi, nikaugusisha mwisho wake kwenye nukta, ukashika. Sikuwa nimeuchora mimi. Uzito wake ndio uliouchora. Kazi yangu ilikuwa kutouharakisha.

Nikampa koni naye ajaribu. Alikataa, kisha akapokea. Uzi wake ulitoka umejaa mawimbi madogo, jinsi mkono wake unavyotetemeka, lakini haukukatika. Ulishuka, ukapanda, ukakaa. Tukautazama. Nikasema, "Shangazi, nisamehe kwa siku ile." Akauliza, "Siku ipi?" Sijui kama amesahau kweli au aliamua kunisitiri. Watu wa umri wake wanaweza yote mawili.

Usiku ule nilifuta nyuzi zangu zote kwa kitambaa, nikauacha wa kwake. Asubuhi sisimizi walikuwa wamekwisha kuufikia.

Keki ya arusi ilikuwa na nyuzi ishirini na nne. Mbili zilivunjika njiani, kwa kuwa aisingi iliyokauka haivumilii gari kwenye mashimo, nami nikaziba pengo kwa waridi. Wageni walisifu, nikapokea sifa huku nikijua deni lake liko wapi.

Tangu hapo kila Alhamisi alasiri huenda Ngamiani na kijiti cha chelewa na bakuli dogo la hina. Najichora mkono wangu wa kushoto, naye husema, "Unakandamiza." Nimechelewa sana, na huenda nisipate kamwe kuwa mchoraji. Lakini mkeka ule niliowahi kuudharau, sasa naombea nafasi ya kuukalia isiishe upesi.