Chombo Kisicho na Nahodha

Sisi watu wa visiwani tuna neno moja tulilolitwika mizigo mingi. Tukisema chombo, aghalabu tunakusudia jahazi, mashua au ngalawa. Lakini sahani nayo ni chombo, redio ni chombo, na gazeti ni chombo cha habari. Katika maana zote hizo kuna jambo moja lisilobadilika: chombo hubeba. Kinachobebwa ndicho chenye thamani, nacho chombo hupata heshima yake kwa kile kilichomo ndani. Kwa hiyo jahazi linapozama hatuanzi kwa kuuliza mbao zake zilikuwa za mti gani. Tunauliza: walikuwamo akina nani?

Miaka hii kimetufikia chombo kingine, nacho hakipiti majini wala barabarani. Wako wanaokiita droni, na wako wanaokiita ndege isiyo na rubani. Jina hili la pili lina kasoro, kwa kuwa rubani yupo, ila amebaki chini, miguu yake ikiwa mikavu na macho yake yakiwa kwenye kioo cha simu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuvitumia vyombo hivyo kuvipiga picha visiwa vyetu ili vichorewe ramani mpya, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kazi hiyo. Mwaka 2018 vyombo vya jamii hiyo, vikubwa zaidi, viliruka juu ya Ziwa Viktoria kutoka Mwanza hadi Ukerewe, masafa ya kilomita 60, vikibeba dawa. Maji, ambayo tangu azali yametenganisha kisiwa na kisiwa, yalivukwa kwa muda wa dakika 40.

Hata hivyo, nahodha wa jahazi hupatwa na lile linalolipata jahazi lake. Mrushaji wa droni hapatwi. Chombo chake kikimezwa na maji, yeye husimama palepale alipokuwa, kioo mkononi. Jambo hilo nililitafakari kwa siku nyingi baada ya kushuhudia kidege kimoja kikipotea, si baharini, bali huko bara, Lupiro, katika bonde la mto Kilombero.

Msomaji ambaye hajafika kule huenda akadhani kwamba mtu wa pwani akenda Morogoro ameyapa maji kisogo. Mimi nilidhani hivyo dada yangu alipoolewa huko. Ukitoka Ifakara unakwenda kusini, unauvuka mto kwa daraja refu la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko, kisha unafika Lupiro, mahali ambapo njia inagawanyika: moja inapanda milima ya Mahenge, nyingine inaelekea Malinyi. Upande wa pili wa bonde imesimama milima ya Udzungwa. Kiangazi unaona nyasi, mashamba ya mpunga na vumbi. Masika ikiingia, mto huacha kitanda chake na kulala juu ya nchi. Eneo oevu la bonde hilo, lililotambuliwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, ni takriban kilomita za mraba 8,000. Zikijumlishwa Unguja na Pemba, hazifikii hata nusu yake. Maji hayo ndiyo yanayotoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndiyo inayomwaga matope yake mbele ya Mafia. Basi nilipoyaona kwa mara ya kwanza niliyaamkia kama jamaa.

Wenyeji wa maji hayo ni Wandamba, watu wa mtumbwi na nyavu, na mama mkwe wa dada yangu ni mmoja wao. Kila mtu pale humwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alizaliwa mbali na barabara, juu ya mwinuko wa ardhi ambao masika huzungukwa na maji ukawa kisiwa. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 jamaa zake walihamishwa wakaletwa kando ya njia. Walichukua vyungu, kuku na nyavu. Hawakuweza kuchukua makaburi. Mama yake amelala kule, na baba yake, na watoto wake wawili waliofariki wangali wadogo. Kila kiangazi alikuwa akienda kupalilia, mpaka magoti yalipomkatalia. Alikuwa hajapaona kwa miaka minane, na kila masika yalipozidi alikuwa na swali lile lile moyoni: je, maji yamewachukua?

Katika masika ya mwaka 2021 nilikuwa mgeni wao. Palikuwa na kijana mpiga picha kutoka Ifakara aliyekuja na kidege chake kupiga picha za harusi, na vibali vyake vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya Wizara ya Ulinzi alivitunza ndani ya mfuko wa nailoni kama hati ya nyumba. Watoto walikikimbilia kidege kile kwa vigelegele. Bibi alikaa kimya akikifuata kwa macho mpaka kilipotua. Ndipo alipomwita yule kijana na kumwambia, "Mjukuu wangu, hiki kinaweza kufika kwa mama yangu?"

Kijana hakuelewa. Alipoelezwa, akainama. "Nitakipeleka, bibi," alisema, wala hakutaja malipo.

Kutoka kijijini hadi mwinuko ule masafa yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa kidege, basi siku ya pili tuliingia katika mtumbwi. Walikuwapo wavuvi wawili, mmoja nyuma na kafi, mmoja mbele na pondo. Bibi katikati juu ya mkeka uliokunjwa. Kijana na mimi. Tulipita juu ya mashamba yaliyozama, tukiyaona mabua ya mpunga chini ya maji kama nywele zinazochanwa. Tulipofika mahali pa wazi baina ya matete, mtumbwi ukasimamishwa, na kidege kikaruka kutoka kiganjani mwa mvuvi.

Sisi wawili, Bibi na mimi, tulijifunika khanga kuzuia mwanga wa jua, tukatazama kioo cha simu nyingine ambayo kijana alitupa tushike. Mwanzo tuliona maji matupu. Halafu miti. Halafu mwembe mmoja mkubwa, na Bibi akatoa sauti ndogo, kwani mwembe ule aliupanda baba yake. Kidege kikashuka kidogo, na chini ya mwembe tukaviona vilima vinne vya udongo, misalaba mitatu imesimama na mmoja umeinama. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyayo za mwinuko tu. Bibi aliweka kidole juu ya kioo, akahesabu kwa sauti, "Mmoja, wawili, watatu, wanne. Wote wapo." Kisha akafanya ishara ya msalaba, nami nikanyamaza kwa heshima.

Lililofuata halikuchukua dakika tatu. Kidege cha namna hii, kinapoondoka, huliweka akilini mwake mahali kilipoanzia safari, kwa uongozi wa setilaiti. Mahali hapo, katika lugha ya mashine hizo, ndipo nyumbani. Betri ikipungua, au mawasiliano na mrushaji yakikatika, hugeuka chenyewe, kikarudi nyumbani na kutua. Ni ufundi wa ajabu, na juu ya nchi kavu umeokoa videge vingi. Lakini sisi hatukuwa juu ya nchi kavu. Tulipokuwa tumejifunika khanga, upepo ulivuma na mkondo ukausukuma mtumbwi taratibu, na pondo halikushika chini kwa kuwa chini palikuwa tope laini. Tulikuwa tumekwisha kusogea nyuma ya matete. Upepo ule ule ulikipinga kidege njia nzima ya kurudi na kukila nguvu zake.

Kilirejea mahali hasa kilipoondokea. Kilisimama hewani juu ya maji, kama mtu anayebisha hodi kwenye kiwanja ambacho nyumba yake imebomolewa, kisha kikaanza kushuka. Kijana alisukuma vijiti vya kuongozea kwa vidole vyote. Kidege kikatusogelea hatua chache, na wakati huo huo kikazidi kushuka. Mvuvi wa mbele alinyoosha pondo. Kilikaa juu ya maji kwa upole, mabawa yakayapiga mara mbili tatu, kikalala ubavu, kikazama. Kati yetu na pale palikuwa na hatua zisizozidi 20.

Wavuvi waliruka majini mara moja. Walipapasa kwa miguu, wakapapasa kwa mikono, wakatandaza wavu. Siku mbili zilizofuata walirudi na wenzao. Walipata kambale, walipata mizizi, wakapata kopo la rangi. Mmoja wao alinieleza kwamba tope la pale si sakafu, ni uji; kitu kizito kidogo hushuka ndani yake, na mkondo hukisogeza kisipoonekana. Ile kadi ndogo inayohifadhi picha ilikuwa ndani ya kidege. Simu tuliyoishika ilikuwa imejaa picha za harusi, haikuwa na nafasi ya kuhifadhi chochote. Basi vilima vile vinne, na mwembe ule, na msalaba ulioinama, vilizama pamoja na chombo kilichoviona.

Sitaki kuifanya huzuni ya kijana yule kuwa ndogo. Kidege kilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa ambamo mama yake ni mwanachama, na marejesho yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu. Kwa wengine kilikuwa kitu cha kuchezea. Kwake kilikuwa jembe. Bibi alimtolea gunia la mpunga. Alikataa mara mbili, na mara ya tatu akapokea, kwani kumkatalia mzee mara tatu ni kumvunjia heshima.

Na sisi wa visiwani, tunaposema kuzama, hatuna budi kuchunga ulimi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama Spice Islander ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit ikielekea Unguja. Wapo jamaa zetu hadi leo ambao hawana kaburi la kupalilia, wala mwinuko wa kuupelekea macho. Nani atathubutu kukilinganisha kidege na watu wale? Mimi sithubutu. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimwelewe Bibi. Sisi maji yametunyima hata pa kutazama. Yeye, baada ya miaka minane, aliruhusiwa kutazama mara moja, na kuhesabu, na hesabu ikatimia. Aliyekuwa na uzito kama huo kifuani ndiye anayejua dakika moja ya kuona ni kiasi gani cha mali.

Jioni ile nilimpa pole kwa kupotea kwa picha. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Mwanangu," alisema, "picha imepotea ya nani? Mimi nimewaona."

Hapo nilikumbuka jambo ambalo wapenzi wa mashairi hawapaswi kuhitaji kukumbushwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki katikati ya karne ya 19 bila ya kuacha diwani iliyopigwa chapa. Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake kwa watu waliozihifadhi na kumsaidia Mwingereza William Taylor kuziandika, na kitabu kilichohaririwa na William Hichens hakikutoka mpaka mwaka 1940. Kwa miaka yote ya kati, chombo kilichozibeba tungo zile kilikuwa vifua vya watu. Vina na mizani havikuwekwa kwa ajili ya pambo peke yake. Ni kamba za kufungia shehena isije ikaanguka majini safari ikiwa ndefu.

Yule kijana, kwa bahati mbaya, hakuona. Wakati sisi tumejifunika khanga, macho yake yalikuwa kwenye tarakimu za betri na mshale wa upepo. Alipeleka kidege hadi makaburini na kurudi bila ya kuyatazama makaburi. Kabla ya kuondoka Lupiro alimwomba Bibi amsimulie, naye akamsimulia mbele ya wajukuu wote: mtumbwi uelekee wapi, mwembe uko upande gani, nani amelala karibu na nani, msalaba upi umeinama. Aliyasema kwa mpango ule ule siku ya pili, na siku ya tatu. Nilisikia wajukuu wakianza kuyasema pamoja naye, kama wanafunzi wa chuoni wakirejea sura.

Kiangazi cha mwaka ule, maji yalipokauka, wajukuu wawili walikwenda kwa miguu wakifuata maneno hayo. Walipalilia, wakausimamisha msalaba uliokuwa umeinama, nao ulikuwa ule ule aliousema. Walikitafuta kidege njiani, hawakukiona. Siku hizi, hata kama tope litakiachilia, hakitafika kwetu baharini. Baina ya Kilombero na pwani limejengwa bwawa kubwa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji Disemba 2022, na mengi yanayochukuliwa na mto yatabaki humo.

Siwasemi vibaya wenye videge. Bila ya kijana yule Bibi asingaliwaona wazee wake. Ila nimejifunza kwamba chombo kisicho na nahodha ndani yake huweza kuona kila kitu na kisiwe shahidi wa lolote. Ushahidi unataka mtu: aliyeona, akahesabu, akasema, na wa pili aliyesikia akarudia. Pale tulipokuwa watano mtumbwini, kilichozama ni kimoja tu, nacho hakikuwa kile tulichokwenda kukitafuta.